Kutopimwa Si Kutokuwepo

Ilikuwa saa nne kasoro usiku simu ilipolia. Daktari kijana wa watoto, tuliyefahamiana kwenye semina, alikuwa amenitumia picha ya ukurasa wa sita wa ripoti ya vinasaba iliyorudi kutoka maabara ya nje ya nchi. Mstari mmoja ulikuwa umepakwa rangi nyekundu, na mwishoni mwake palikuwa na tarakimu: 0.91. Chini ya picha aliandika, "Shikamoo dada. Si ndiyo hii? Mama yake anakuja kesho asubuhi. Nimwambie?"

Mtoto alikuwa na miaka minne. Kifafa kilimwanza akiwa na miezi saba, na maneno yake yote yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Familia ilikuwa imeuza kiwanja ili kulipia kipimo. Nikamjibu: "Marahaba. Mwambie majibu yamefika, bado tunayasoma. Ugonjwa usiutaje. Baba wa mtoto yupo?"

Akauliza baba anahusikaje. Haya ninayoandika, kwa sehemu kubwa, ni jibu refu la swali lake. Nayaandika kwa madaktari na wauguzi wanaoanza kupokea ripoti za namna hii, na kwa wazazi wanaozifungua kwenye simu kabla hata daktari hajaziona.

Nianze kwa kuiondolea mashine lawama. Jenomu ya mtu ina herufi kama bilioni 3, na ukiilinganisha na jenomu ya rejea utakuta tofauti kati ya milioni 4 na 5. Karibu zote hazina neno. Kuitafuta humo moja yenye ugonjwa ni kazi ambayo macho ya binadamu hayaiwezi, kwa hiyo akili mnemba, ambayo wengine wanaiita akili unde, haikuingia maabara kwa sababu ya fasheni. Mwaka 2022 timu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilitangaza kwamba imesoma jenomu nzima kwa saa 5 na dakika 2. Kwa mtoto mchanga aliye kwenye mashine ya kupumulia, kasi hiyo ina maana yake.

Humo maabara akili mnemba inafanya kazi mahali patatu. Pa kwanza ni kwenye kuzisoma herufi zenyewe. Mashine ya kusoma DNA hutoa vipande vifupi vifupi, vyenye makosa hapa na pale. Programu kama DeepVariant ya Google huvipanga mfano wa picha, ikaitazama picha hiyo na kuamua kama hapa kweli pana badiliko au mashine imeteleza. Hapo naiamini kama ninavyoiamini mizani iliyopigwa muhuri, maana zipo sampuli ambazo majibu yake yanajulikana tayari na yeyote anaweza kuipima kwazo. Pa pili ni kukisia kama badiliko lililopatikana lina madhara. Pa tatu ni kupanga mabadiliko kwa kuyalinganisha na dalili za mgonjwa. Kazi hizi mbili za mwisho ndizo zinazonikosesha usingizi, na ile 0.91 ni ya kundi la pili.

Tarakimu ile ilitoka kwa AlphaMissense, programu iliyotolewa na Google DeepMind Septemba 2023. Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini, na protini ni mnyororo wa asidi amino. Yapo mabadiliko ya herufi moja ya DNA yanayofanya pingili moja ya mnyororo huo iondoke na kuwekwa nyingine. Mabadiliko ya aina hiyo yanayowezekana kwa binadamu ni kama milioni 71, na programu imeyapa yote alama, kuanzia 0 hadi 1. Ikipita 0.564 inasema huenda lina madhara; ikiwa chini ya 0.34 inasema huenda ni salama. Katikati inakiri kwamba haijui.

Imejifunzaje kutofautisha? Hapa naomba tukae kidogo. Ilipewa muundo wa protini, jambo ambalo watengenezaji wake wanalijua vizuri sana, kisha ikaonyeshwa mabadiliko yanayokutwa mara kwa mara kwa binadamu na kwa jamaa zetu wa jamii ya nyani. Hayo ikaambiwa iyahesabu kuwa salama, kwa hoja kwamba kitu kilichoenea kwa watu wazima wenye afya hakiwezi kuwa kinawaua. Yale yasiyoonekana kwa yeyote ikaambiwa iyatilie shaka. Hoja ni nzuri. Tatizo ni kwamba badiliko hukosa kuonekana kwa sababu mbili: ama lina madhara na wenye nalo hawadumu, ama wenye nalo wapo, wanalima na kuzaa, ila hakuna aliyewahi kuwapima. Machoni pa mashine, sababu hizi mbili ni kitu kimoja. Ni sawa na mtu aandike orodha ya samaki wote wa Bahari ya Hindi kwa kusimama soko la Feri asubuhi moja, kisha aletewe samaki wa Kilwa ambaye hamjui, aseme huyu ana sumu.

Na waliopimwa ni nani? Takwimu zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba asilimia 78 ya watu walioshiriki katika tafiti kubwa za kuhusisha jeni na magonjwa walikuwa wenye asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia 2. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa H3Africa walisoma jenomu za watu 426 tu, kutoka makundi 50 ya lugha na makabila barani, wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Watu 426 hawajazi hata kumbi mbili za harusi. Binadamu ameishi Afrika muda mrefu kuliko kwingine kote, na tofauti za vinasaba zimerundikana huku. Kwa hiyo Mwafrika akipimwa, orodha yake ya "hayajawahi kuonekana" huwa ndefu kuliko ya Mjerumani.

(Kuna kinaya kidogo cha historia hapa. Jenomu ya rejea, ile ambayo dunia nzima inalinganishwa nayo, asilimia kama 70 yake ilitoka kwa mtu mmoja asiyetajwa jina, aliyejitolea damu Buffalo, New York. Walipokuja kumchunguza, vinasaba vyake vilionyesha kwamba huenda alikuwa Mmarekani mweusi. Basi tumo kwenye kipimo. Hatumo kwenye takwimu.)

Madhara ya upungufu huu yalionekana hata kabla mashine hizi hazijafika. Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi juu ya ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Wagonjwa kadhaa wenye asili ya Afrika nchini Marekani walikuwa wameandikiwa kwamba wamepatikana na badiliko la ugonjwa. Baadaye ikaonekana mabadiliko hayo ni ya kawaida kabisa kwa Wamarekani weusi wenye afya. Watafiti wakaonyesha kwamba kama wale waliofanya tafiti za awali wangeweka hata idadi ndogo ya watu weusi kwenye kundi la kulinganisha, kosa lisingetokea. Hapo hapakuwa na akili mnemba. Walikuwa binadamu, wasomi, wenye nia njema. Sasa chukua maandiko ya binadamu hao, yarundike kwa maelfu, uifunze mashine.

Mfano mwingine unatugusa kwa karibu zaidi. Ipo programu iitwayo Face2Gene, inayotazama sura ya mtoto kwenye picha na kutaja ugonjwa wa kurithi unaofanana nayo. Mwaka 2017 kundi la watafiti, wakiwemo wa Kongo na Ubelgiji, waliijaribu kwa Down sindromu, ugonjwa ambao mkunga mzoefu anautambua akiwa mlangoni. Kwa watoto wa Kizungu programu ilipata asilimia 80. Kwa watoto wa Kiafrika, 36.8. Kisha wakaifunza kwa picha za watoto wa Kiafrika, wenye ugonjwa na wasio nao, ikapanda hadi 94.7. Napenda kuutaja utafiti huu kwa sababu ya tarakimu ya mwisho. Watu wakisikia mashine inawakosea Waafrika wanadhani ni ubaya wa mashine usiorekebishika. Kumbe ilikuwa haijafundishwa.

Turudi kwenye 0.91 na daktari wangu. Kitu cha kwanza nilichomwambia ni kwamba tarakimu hiyo si asilimia 91 ya uwezekano kwamba mtoto huyu ana ugonjwa huu. Inazungumzia protini tu; mtoto haimjui. Haijui kama ana nakala moja ya badiliko au mbili, haijui ana dalili gani, haijui jeni hilo linahusiana na ugonjwa upi, na waliotengeneza programu wenyewe wameandika kwamba haijathibitishwa kwa matumizi ya hospitali. Chukua selimundu. Herufi moja, nakala mbili, mtoto anaumwa maisha yake yote. Nakala moja, anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alivyoonyesha mwaka 1954 baada ya kuzunguka Afrika Mashariki akipima damu. Alama moja kati ya 0 na 1 ungeiandikaje ikabeba habari hiyo?

Maabara zinazojiheshimu hufuata mwongozo wa Marekani wa mwaka 2015 unaogawa mabadiliko kwenye madaraja matano: lenye kuleta ugonjwa, linaloelekea kuleta ugonjwa, lisilojulikana maana, linaloelekea kuwa salama, na salama. Kila daraja hufikiwa kwa kukusanya ushahidi: limeonekana kwa watu wangapi wenye afya, limewahi kukutwa kwa wagonjwa wengine, limetoka kwa wazazi au limezuka kwa mtoto, limejaribiwa kwenye chembe hai likafanya nini. Alama ya kompyuta ni ushahidi mmojawapo, na mwaka 2015 ilipewa uzito mdogo kuliko wote. Mwaka 2022 wataalamu waliruhusu baadhi ya programu zipewe uzito mkubwa zaidi, ila kwa viwango vilivyopimwa kwa kila programu peke yake. Peke yake, alama haijawahi kutosha kumhukumu mtu.

Na hapa kuna mtego ambao nimewaona hata wazoefu wakiingia. Ripoti inasema: SIFT inasema baya, PolyPhen inasema baya, REVEL inasema baya. Daktari anahesabu mashahidi watatu. Lakini REVEL imetengenezwa kwa kuunganisha programu 13, na SIFT na PolyPhen zimo ndani yake. Umewasikiliza wazazi wawili, kisha ukamsikiliza mtoto wao anayerudia walichosema mezani. Uliza maabara walitumia programu ipi moja kwa uamuzi, na waliichagua kabla ya kuona majibu au baada.

Kisha nenda kwenye hifadhi ya gnomAD, ambayo ni bure na iko wazi, utazame badiliko limeonekana kwa watu wangapi. Usiishie kwenye jumla; fungua safu ya Waafrika. Nayo uisome kwa tahadhari, kwa kuwa wengi waliomo humo ni Wamarekani weusi, ambao mizizi yao ni Afrika Magharibi zaidi. Msukuma, Mdigo, Mluo au Mhaya hana uwakilishi wa maana pale. Ukikuta sifuri, sifuri hiyo ya kwetu haina uzito sawa na sifuri ya Mwingereza.

Ndiyo maana niliuliza kuhusu baba. Jeni lililopakwa rangi nyekundu ni la aina ambayo nakala moja mbovu inatosha kuleta ugonjwa, na ugonjwa wenyewe huanza utotoni. Katika hali hiyo kipimo chenye nguvu kuliko programu zote ni kuwapima wazazi pale pale kwenye herufi hiyo moja. Ikiwa wazazi wote hawana, badiliko limezuka upya kwa mtoto, na shaka inapanda sana. Ikiwa mmojawapo analo na ni mzima, shaka inashuka. Hakuna haja ya kusoma jenomu zao zote. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kiwanja.

Baba alikuja wiki iliyofuata. Fundi wa magari, miaka arobaini na nane, hajawahi kuanguka kifafa wala kulazwa. Alikunja mkono wa ovaroli lenye grisi, akatazama sindano kando. Majibu yalipotoka, badiliko lilikuwa lake. Analo, mama yake pia analo, bibi wa miaka sabini na ushee anayeuza mbogamboga. Mstari mwekundu ukaisha hapo.

Daktari kijana aliniuliza ingekuwaje kama angemwambia mama asubuhi ile. Nadhani mtoto angeanzishiwa dawa ya ugonjwa ule, na dawa inayomfaa mwenye kifafa cha aina moja inaweza kumzidishia mwenye aina nyingine. Pia neno likishatoka kinywani mwa daktari halirudi. Ukoo mzima ungelijua kabla ya Ijumaa.

Kwa mzazi mwenye ripoti mkononi, herufi za kutafuta ni VUS. Maana yake badiliko limeonekana na hakuna ajuaye kama lina madhara. Si ugonjwa, na wala si nusu ya ugonjwa. Usikubali kukatwa titi, kuachishwa dawa, au kuamua kuhusu mimba kwa sababu ya VUS, hata kama pembeni yake kuna alama ya kompyuta yenye tisa mbele. Ndugu wasipimwe kwa ajili yake pia, isipokuwa kama ilivyokuwa kwa fundi wetu, pale maabara inapoomba kusudi kulitatua. VUS zinazopata ufafanuzi baadaye, nyingi huishia upande wa salama.

Kwa daktari, sehemu unayoweza kuisaidia mashine kuliko zote ni fomu ya kuombea kipimo. Zile programu zinazopanga orodha hulinganisha ulichoandika na magonjwa yanayojulikana. Fomu ya mtoto yule iliandikwa maneno mawili: kifafa, kuchelewa. Maneno hayo yanaelekeza kwenye jeni kwa mamia. Nilimtuma daktari arudi kwa mama na maswali. Mzingo wa kichwa ulikuwa sentimita ngapi alipozaliwa, na ngapi leo? Ana mabaka meupe ngozini? Alikaa lini? Kuna kitu alikuwa anaweza akakiacha? Mama akatoa kadi ya kliniki, ile iliyochakaa pembe, na humo vipimo vya kichwa vilikuwa vimeandikwa kwa kalamu za rangi tofauti na wauguzi tofauti. Kichwa kilikwenda vizuri hadi mwaka mmoja, kisha mstari ukalala. Na mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtoto alikuwa anapiga makofi zamani, siku hizi hapigi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Tulipoiomba maabara irudie kupanga kwa dalili hizo, badiliko lililokuwa la kumi na nne lilipanda hadi la tatu. Kompyuta ni ile ile na DNA ni ile ile. Kilichobadilika kilitoka kwenye kadi ya kliniki.

Niseme pia jambo ambalo wauzaji wa vipimo hawatalisema: mara nyingi huhitaji haya yote. Ugonjwa wa kurithi unaowasumbua watoto wengi zaidi Tanzania, Uganda na magharibi mwa Kenya ni selimundu, na kuugundua kunahitaji tone la damu na kipimo cha hemoglobini kinachofanyika hapa hapa. Vijana wanaotaka kuoana wanaweza kujua hali zao kwa njia hiyo. Wote wawili wakiwa na nakala moja moja, kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto mgonjwa. Sijaona bado akili mnemba inayoongeza kitu hapo. Ukishauriwa kusoma jenomu nzima kabla ya kipimo hicho, uliza kwa nini.

Sasa ChatGPT na wenzake, maana najua ndiko ripoti inakokwenda kwanza. Siwakatazi. Nitasema zinapofaa na zinapoangusha. Zinafaa ukizipa maandishi na kuziomba zikueleze kwa lugha nyepesi yaliyomo humo tu. Zinaangusha ukiziuliza kwa kumbukumbu: badiliko hili lina maana gani, nani ameliandika, tafiti zipi. Hapo zinaweza kubuni tafiti na waandishi wake, kwa Kiswahili safi kisichotia shaka.

Nimeshuhudia moja kwa macho yangu. Mzazi alikuwa na majibu yaliyoandikwa HBB, c.20A>T, p.Glu7Val. Programu ikamwambia asihofu, kwa kuwa badiliko la selimundu liko nafasi ya 6, na hili lake liko nafasi ya 7. Ni lile lile! Vitabu vya zamani vilihesabu kuanzia asidi amino ya pili, kwa sababu ya kwanza hukatwa protini inapokamilika. Kanuni za sasa zinahesabu kuanzia ya kwanza. Sita ya zamani ndiyo saba ya leo. Na nafasi hiyo hiyo ina badiliko jingine, p.Glu7Lys, linaloleta hemoglobini C, ambayo ni habari tofauti. Herufi tatu za mwisho zinabeba mzigo wote. Kwa hiyo nakili badiliko lako kama lilivyo, tangu jina la jeni hadi herufi ya mwisho, uliingize mwenyewe kwenye hifadhi ya ClinVar, ambayo nayo ni bure, na utazame limeainishwa vipi, na maabara ngapi, na mwaka gani. Dakika tatu.

Tahadhari nyingine ni ya lugha. Mtu aliyebeba nakala moja mbovu ya jeni bila kuugua, tafsiri za mashine humwita "mchukuzi", kana kwamba ni pagazi wa bandarini, au mbaya zaidi "mwathirika". Nimeona msichana wa miaka kumi na tisa akivunjiwa uchumba kwa neno hilo la pili. Mwambie mshauri wako aandike kwa mkono wake, kwa Kiswahili, sentensi mbili: huyu anaumwa au haumwi, anaweza kumrithisha mtoto au la.

Kabla ya kuwapima wazazi, kuna mazungumzo mawili ya kufanya faraghani, kila mzazi peke yake. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, lakini wahenga hawakuwahi kulinganisha vinasaba vya watu watatu. Kipimo hicho kinaonyesha kama baba siye, bila kuulizwa. Uliza maabara mapema kama wanaripoti jambo hilo, na uwaambie kwa maandishi kwamba hutaki liripotiwe. La pili ni undugu. Pwani yetu, Unguja, Pemba, Mombasa, hadi kwa jamaa zetu wa Maskati, mtu kuoa binti wa ami yake ni heshima. Basi semeni kwa daktari, bila haya. Wazazi wakiwa na babu mmoja, mashine inapaswa kutafuta kwanza jeni ambalo mtoto amelipata mara mbili, na kulificha hilo ni kuituma itafute sindano kwenye chumba kisicho chake.

Mwisho ni faili lenyewe. Jenomu ya mtoto ni ya mtoto, ya baba, ya bibi muuza mbogamboga, na ya wajukuu ambao hawajazaliwa. Mwaka 2023 kampuni ya 23andMe ya Marekani iliingiliwa na wadukuzi. Akaunti zilizofunguliwa hasa zilikuwa kama 14,000. Taarifa zilizovuja zilikuwa za watu milioni 6.9, kwa kuwa akaunti zilikuwa zimeunganishwa na za jamaa. Machi 2025 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika, na watu wakaanza kuuliza mate yao ni mali ya nani. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinahesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza: faili litakaa nchi gani, kwa muda gani, litatumika kufunza programu za kampuni au hapana, na nikitaka lifutwe nimwandikie nani. Uombe nakala yako ya faili ghafi pia. Bila hiyo, hutaweza kulipeleka kwingine lisomwe tena. Na ukitaka kuiuliza programu ya mazungumzo chochote, futa kwanza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali. Picha ya ripoti nzima usiipakie.

Hata hivyo, simshauri yeyote kuogopa kutoa sampuli. Tukikaa nje, safu ya Afrika itabaki kuwa ya Wamarekani, na mtoto wa fundi mwingine atapakwa rangi nyekundu kwa kosa lile lile. Ila utoaji huo uwe na karatasi inayosomeka.

Mtoto wetu hana jina la ugonjwa hadi leo. Lile badiliko la tatu bado ni VUS. Wazazi wote hawana, kwa hiyo tunalitilia maanani, lakini duniani wameandikwa wagonjwa wachache mno wenye mabadiliko kwenye jeni hilo kuweza kusema lolote. Majibu kama haya husomwa upya kila baada ya mwaka au miwili, kwa sababu hifadhi zinajaa na programu zinabadilika, na mwenye kukumbuka mara chache huwa ni maabara. Nilimwambia mama hivyo, nikafungua daftari na kuandika Machi mwakani, na namba yake ya simu. Aliitazama namba, akaomba kalamu.

"Ongeza na ya shangazi yake," akasema. "Yangu hubadilika."